Wimbi, Koleo au Kudonoa: Kuchagua Mbinu ya Timu ya Kushambulia katika World of Tanks

Timu inayotaka kushambulia katika World of Tanks, mchezo wa mtandaoni wa vita vya vifaru, ina maamuzi mengi ya kufanya, lakini yote yanategemea moja linalotangulia: je, twende sote upande mmoja, tugawanyike ili tumbane adui kutoka pande mbili, au tukae mbali tumpunguze kwanza kabla ya kumvamia? Wachezaji wengi hukwama hapa kwa sababu kila moja ya mbinu hizo wamewahi kuiona ikishinda kwa kishindo, na wamewahi pia kuiona ikisambaratika ndani ya dakika tatu. Kwa ajili ya ulinganisho huu nitaziita Wimbi, Koleo na Kudonoa. Ninazungumzia pambano la kawaida la vifaru 15 dhidi ya 15, lenye kikomo cha dakika 15, ambamo kifaru kilichoharibiwa hakirudi tena uwanjani, na ushindi unapatikana ama kwa kumaliza vifaru vyote vya adui au kwa kuteka kambi yake.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vitano. Cha kwanza, na kizito kuliko vyote, ni idadi ya mizinga yetu inayopiga kwa wakati mmoja ikilinganishwa na idadi ya mizinga ya adui inayoweza kujibu. Cha pili ni sura ya ramani, na cha tatu ni aina za vifaru ambavyo timu imepata. Cha nne ni kiasi cha mawasiliano ambacho mbinu inadai kutoka kwa watu ambao pengine hawajuani kabisa. Cha tano ni muda pamoja na gharama ya kukosea, yaani kinachobaki mkononi mambo yakienda mrama. Sikuweka ustadi wa mchezaji mmoja mmoja kuwa kigezo, kwa kuwa mpigaji hodari ananufaisha mbinu yoyote, na mpigaji dhaifu huziumiza zote.

Mbinu zenyewe kwa ufupi

Wimbi ni pale ambapo sehemu kubwa ya timu, tuseme vifaru tisa au kumi, inapita njia moja na kuvunja upande huo kwa uzito wake, huku wachache waliobaki wakichelewesha adui kwingineko. Koleo lina mikono miwili: mkono wa kwanza unamshika adui usoni na kumlazimisha kuangalia mbele, na wa pili unazunguka na kumtokea ubavuni au nyuma. Kudonoa kunaanza na macho. Kifaru chepesi kinajificha mbele na kumulika adui, yaani kumwona ili timu nzima imwone, wenzake wanapiga kutoka mbali wakiwa hawaonekani, na uvamizi wenyewe unakuja baadaye, adui akiwa amekwisha kudhoofika.

Idadi ya mizinga inayopiga

Kifaru kilichobakiwa na pointi 1 ya uhai hupiga kwa nguvu ileile kama kilichobakiwa na pointi 2,000. Kila mchezaji analijua jambo hili, ila wachache hulizingatia wanapopanga shambulio. Chukua mfano wa kifaru kizito cha adui chenye uhai wa pointi 2,000, na mizinga yetu inayotoa pointi 400 kwa kila kombora na kuhitaji sekunde 10 kupakia jingine. Mmoja wetu akipambana nacho peke yake atahitaji makombora matano, yaani sekunde 40 tangu kombora la kwanza, na katika muda huo adui mwenye mzinga kama huo naye atakuwa amerudisha makombora matano. Watano wetu wakipiga kwa mkupuo, kifaru hicho kinakufa pengine kabla hakijarudisha hata kombora moja. Kwa hiyo hasara tunayopata haipungui kwa uwiano wa idadi tu. Inapungua kwa kasi zaidi.

Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliieleza hesabu ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1916 kuhusu ndege za kivita. Kwa mujibu wa kanuni yake, pande mbili zenye silaha sawa, ambamo kila mmoja anaweza kumpiga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya kila kundi hulingana na idadi yake ikizidishwa kwa yenyewe. Kumi dhidi ya watano ni 100 dhidi ya 25. Wanabaki 75, na kipeuo chake cha pili ni karibu 9. Yaani kundi la kumi linawamaliza watano na kupoteza mmoja au wawili tu. Huo ndio utamu wa Wimbi, na ndiyo sababu wachezaji hulikimbilia.

Kuna kitu ambacho Wimbi halikuambii, nacho ni kwamba kumi wetu wakiwa upande mmoja, watano wetu upande wa pili wanawatazama kumi wa adui. Hesabu ileile inafanya kazi dhidi yetu. Pambano linageuka kuwa mbio za nani atamaliza upande wake mapema, na anayeamua matokeo mara nyingi ni wale watano walioachwa. Kazi yao ni kununua muda kwa kurudi nyuma kona hadi kona, wakipiga kombora moja na kujificha. Wakijaribu kushinda wanakufa kikondoo, na Wimbi linakuta kambi yake imeshatekwa.

Kwa Koleo, faida haitoki kwenye idadi bali kwenye pembe. Ukuta unaomkinga adui dhidi ya mkono wa kwanza haumkingi dhidi ya wa pili, na deraya nene ya mbele ikielekezwa huku, ubavu mwembamba unabaki wazi kule. Lakini Koleo lina sharti moja lisilo na huruma, kwamba mikono yote miwili ifike pamoja. Tuseme tuko 12 dhidi ya 10. Tukipigana kwa pamoja, 144 ukitoa 100 tunabaki karibu saba. Tukijigawa saba na watano, na adui akawahi kupambana na saba kwanza, anabaki karibu na saba. Kisha anawageukia watano na kuwamaliza, naye anabakiwa na vifaru vitano. Vifaru ni vilevile na wachezaji ni walewale, ila tofauti ya dakika moja katika kufika imegeuza ushindi kuwa kipigo.

Kudonoa kunalenga uwiano ulio bora kuliko wote, wa sisi kupiga na adui asiweze kujibu. Katika mchezo huu kifaru hakimuliki adui aliye mbali zaidi ya mita 445, hata kama mchezaji ana wafanyakazi bora na darubini ya ziada, lakini mzinga unaweza kupiga mbali kuliko hapo iwapo mwenzako amemulika. Aidha, kichaka kilicho mbele yako kwa zaidi ya mita 15 kinaendelea kukuficha hata baada ya kufyatua, ilhali kilicho karibu zaidi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake mara tu unapopiga. Anayejua mambo hayo mawili anaweza kupiga dakika nzima bila kuonekana. Tatizo ni kwamba adui mwenye akili akishapigwa mara moja au mbili hurudi nyuma ya kilima, na makombora ya mbali hukosa mengi. Kudonoa hujeruhi zaidi kuliko kunavyoua, na majeruhi, kama tulivyoona, anapiga vilevile.

Sura ya ramani

Kanuni ya Lanchester inadai kila mzinga uwe na nafasi ya kupiga, na ni hapo ambapo Wimbi hukwama. Himmelsdorf ni ramani ya mji wenye mitaa myembamba katikati, kilima chenye ngome upande mmoja na njia za reli upande mwingine. Vifaru kumi wakiingia mtaa mmoja, wawili au watatu wa mbele ndio wanaopiga. Waliobaki wanatazama migongo ya wenzao na, baya zaidi, wanaziba njia ya kurudi. Kifaru cha mbele kinachotaka kurudi nyuma ya jengo ili kipakie kombora kinakuta mwenzake amekiegemea, na kinafia hapohapo. Reli na kilima vina nafasi zaidi, na ndiyo maana Wimbi katika ramani hiyo huenda huko badala ya katikati.

Katika Malinovka, ambako uwanja mpana uko kati ya kambi mbili na kilima kiko pembeni, Wimbi linalovuka uwanja linamulikwa mapema na kupigwa na timu nzima. Hapo Kudonoa kuko nyumbani. Prokhorovka nayo, yenye tuta la reli linaloigawa ramani na vichaka vingi vya kujificha, humlipa vizuri mmulikaji mvumilivu. Hata hivyo ramani za wazi si mali ya Kudonoa peke yake: kilima kimoja au tuta moja linaloficha njia hadi karibu na adui linatosha kwa Wimbi la vifaru vyenye kasi.

Koleo linahitaji njia mbili zenye kinga na zinazochukua muda unaokaribiana, na linahitaji katikati iwe hatari kupita. Adui akishika katikati ana njia fupi ya kwenda kila upande, na anaweza kukumaliza mkono mmoja baada ya mwingine.

Vifaru mlivyopata

Wimbi lina kasi ya kifaru chake kizito kuliko vyote. Maus, kwa mfano, haivuki kilomita 20 kwa saa, na kuisubiri ni kumpa adui muda wa kujipanga. Kuiacha nyuma ni kwenda vitani bila ukuta. Kwa maoni yangu Wimbi bora ni la vifaru vya kati vitano hadi saba vyenye kasi inayokaribiana, hata kama deraya yao si nene, kuliko mchanganyiko wa wazito na wepesi wanaofika kwa mafungu. Jambo la kuangalia ni mizinga ya masafa marefu ya adui, ambayo inaweza kufikia mitatu kwa timu: kombora linaloangukia kundi lililosongamana hujeruhi na kuwaduwaza kadhaa kwa pamoja.

Koleo linafaa timu yenye mchanganyiko. Wazito wenye minara migumu (mnara ni sehemu ya juu inayobeba mzinga) wanashika mkono wa kwanza, wakificha kiwiliwili nyuma ya mwinuko na kuacha mnara tu uonekane, au wakichomoza ubavu kwa pembe kali kutoka nyuma ya jengo ili makombora yateleze. Vifaru vya kati vinazunguka. Timu yenye vifaru vya kuwinda vifaru vinne au vitano visivyo na mnara unaozunguka haina mikono ya Koleo. Ina macho ya mbali, na hiyo inaelekeza kwenye Kudonoa. Lakini Kudonoa bila kifaru chepesi, au bila kifaru cha kati chenye uwezo wa kuona mbali, ni kungoja tu.

Mawasiliano

Katika mapambano ya kuchanganywa na wageni, ni wachezaji watatu tu wanaoweza kuingia wakiwa kikosi kimoja kidogo. Waliobaki ni watu usiowajua na pengine hamtumii lugha moja. Hapa Wimbi lina sifa ambayo wajuaji hupenda kuidharau: linaeleweka bila maelezo. Alama moja kwenye ramani ndogo na vifaru vitatu vikielekea upande huo, wengine hufuata. Sentensi moja inatosha. Kitu pekee ambacho Wimbi linadai, na ambacho ni kigumu kukipata kwa maandishi, ni kutosimama. Vifaru vya mbele vikisita baada ya kupigwa mara mbili, wa nyuma nao husita, na kundi zima linakaa mahali pabaya kuliko pote, yaani karibu sana na adui asiweze kukosa, na mbali sana wao wasiweze kumzunguka.

Koleo linadai saa. Nimewahi kuwa kwenye mkono wa kuzunguka ambao ulifika mahali pake, ukatoka kwa pamoja kama ilivyopangwa, na kugundua kwamba mkono wa kwanza ulikuwa umeanza vita dakika moja na nusu kabla kwa sababu mtu mmoja aliona shabaha nzuri akashindwa kuvumilia. Tulikuta vifaru vyote vya adui vimetugeukia. Hakukuwa na mpumbavu pale. Ilikosekana tu sauti ya kusema "bado". Kwa kikosi cha ukoo, yaani kundi la kudumu la wachezaji, kinachozungumza kwa maiki, Koleo ni jambo la mazoezi ya jioni chache. Kwa wageni, toleo pekee ninaloliamini ni dogo: ninyi watatu wa kikosi kimoja ndio mkono wa kuzunguka, na timu iliyobaki ni mkono wa kwanza bila hata kujijua. Hapo jukumu la saa linabaki kwenu, kwa kuwa mnatoka pale tu mnapoona kwenye ramani ndogo kwamba wenzenu wameshamshughulisha adui.

Kudonoa hakuhitaji maneno mengi, ila kunahitaji mtu anayekubali kukaa kichakani dakika nzima bila kufyatua, akijua kwamba akipiga ataonekana na macho ya timu yatafumba. Mchezo humlipa mmulikaji huyo kwa majeraha yanayotokana na macho yake, lakini vidole vya wachezaji wengi vinawasha. Udhaifu wa pili ni wa mwisho wa mbinu. Kudonoa huwazoesha watu kukaa, na inapofika saa ya kuvamia wengi hubaki walipo, wakisubiri shabaha ambazo haziji tena.

Muda, kambi na gharama ya kukosea

Kambi hutekwa kwa pointi 100. Kila kifaru kilichomo ndani ya duara huongeza pointi 1 kwa sekunde, lakini vinavyohesabiwa haviwi zaidi ya vitatu. Kwa hiyo vitatu vinahitaji sekunde 34 hivi, na kimoja kinahitaji 100. Kifaru kinachoteka kikipigwa na kujeruhiwa hupoteza pointi zake zote. Kwa Wimbi, kambi mara nyingi ndiyo mstari wa kumalizia mbio. Kwa Koleo, vifaru viwili ndani ya duara vinaweza kuwa mkono wa pili hata bila kumpiga mtu, kwa sababu adui analazimika kurudi nyuma na kutoa mgongo. Kwa Kudonoa, kambi ni chambo, kwani mnaolinda njia za kurudia mnapata shabaha zinazokuja zenyewe.

Wimbi likishindwa, linashindwa mara moja na kabisa: dakika ya nne mko watano na hakuna cha kurekebisha. Koleo likishindwa, kwa kawaida mkono mmoja unakufa na wa pili unabaki na uamuzi wa kujificha, kuteka au kurudi kambini. Kudonoa kukishindwa hakuna mlio wowote. Saa inaisha huku timu ikiwa na uhai mwingi usiotumika, na muda ukikwisha pasipo mshindi pambano ni sare, ambayo katika malipo haiwi ushindi kwa yeyote.

Ipi kwa hali ipi

Ikiwa uko na wageni watupu, na timu ina vifaru vya kati vingi kwenye ramani yenye upande mmoja mpana, Wimbi ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kutekelezwa, mradi mtu mmoja awaombe wachache wa upande wa pili warudi nyuma taratibu badala ya kupigana. Ikiwa wazito ndio wengi na ramani ni ya mitaa, punguza Wimbi hadi vifaru vinavyoenea kupiga, na upeleke wa ziada mtaa wa jirani. Umeshaanza Koleo bila kulitangaza.

Kikosi chenye maiki na mazoea ya pamoja kinaweza kuanza na Koleo karibu popote penye njia mbili, na kiliache pale mkono mmoja unapochelewa. Kuchelewa kukijulikana mapema, mkono uliokwisha kufika usianze. Urudi kwenye kinga hata kama shabaha zinaonekana.

Ramani ikiwa wazi, vifaru vya kuwinda vikiwa vingi na mmulikaji akiwa mtu mwenye subira, anza kwa Kudonoa lakini mkubaliane tangu mwanzo alama ya kuondoka. Mimi hutumia tofauti ya vifaru vitatu: tukiwa mbele kwa vitatu, tunavamia upande ulio dhaifu, tukianza na majeruhi ambao kila mmoja anahitaji kombora moja tu. Vifaru viwili vya adui vyenye uhai kidogo vinavyouawa katika sekunde kumi za kwanza vinaondoa mizinga miwili kwenye hesabu kabla uvamizi haujaanza kuuma.

Wanaocheza toleo la simu, Blitz, wana vifaru saba kwa kila timu na dakika 7. Koleo la wanne na watatu huko ni jembamba mno kwa mkono utakaokutana na adui wote, na muda wa Kudonoa ni mfupi, kwa hiyo Wimbi linapanda thamani. Kwenye War Thunder, mchezo mwingine wenye vifaru, ambako hakuna pointi za uhai na kombora moja lililopenya mahali pa wafanyakazi au penye risasi linaweza kumaliza kifaru, mkupuo wa mizinga mitano hauna faida kubwa kama hiyo niliyoieleza, lakini ubavu ulio wazi ni kifo. Mkono wa kuzunguka wa kifaru kimoja tu pale unaweza kufanya kazi ambayo hapa ingehitaji vitatu.

Na mkiwa mmebaki wawili dhidi ya watatu waliojeruhiwa, zikiwa zimesalia dakika 3, mmoja aingie kwenye kambi ya adui na mwingine ajifiche mahali anapoona njia ya kurudia, akiacha zaidi ya mita 15 kati yake na kichaka.